Safari ya Kumtafutia Bonifasi Kaburi

Punda milia akionja majani ya maharagwe mara moja, nyasi anaiona kama adhabu. Hilo sikulisoma mahali. Nililiona kwa macho yangu pale Longonot, wakati baba alipohamishwa na reli kutoka Nakuru kwenda kukaza mataruma, yale mabao ya kulalia reli, kule, mimi nikiwa bado nalala kitanda kimoja na dada yangu Salome. Mama alipanda maharagwe kando ya reli, mistari mitatu. Asubuhi punda milia wakafika, wametulia kama watu wa mwaliko. Mama akawatokea na kifuniko cha sufuria na mwiko, anapiga, anawatukana kwa lugha ya kwetu ya magharibi. Stesheni masta, mtu mmoja mnene, akamwambia, "Mama Salome, hawa hawasikii hiyo lugha. Ngoja niwaandikie barua."

Tulicheka sana. Mama hakucheka. Mwaka ule hatukuonja maharagwe, na mimi sikuingia shule, maana shule ilikuwa mbali na mama alitaka mtu wa kupiga kile kifuniko. Tuliporudi Nakuru, kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, wenzangu walikuwa wanasoma hata maandishi ya kiberiti. Nikaona haya kukaa darasani na watoto wadogo. Kusoma nilikuja kujifundisha baadaye, kwa majina ya stesheni. Kwa hiyo mkikuta mstari umeenda upande, mjue ni punda milia.

Nimeanza mbali, najua. Lakini huyo Salome wa kitanda kimoja ndiye aliyenituma safari hii mnayoniuliza kila nikikaa kwa kinyozi. "Mzee, ulipotelea wapi siku nne? Ulipata ulichoendea?" Nimechoka kueleza nusu nusu na povu kichwani. Wacha niandike yote mara moja, msome, mniache ninyolewe.

Salome aliolewa kule magharibi, chini ya mlima. Mungu alimpa mtoto mmoja wa kiume, Bonifasi, fundi wa cherehani, kijana mpole hata mbwa walikuwa hawambwekei. Halafu vikaja vile vita vya mlimani. Vijana wa huko waliingia msituni na bunduki wakasema wanapigania mashamba yao. Serikali ikapeleka wanajeshi. Wale wa msituni walikuja dukani kwa Bonifasi asubuhi moja, wakamchukua yeye na cherehani yake, awashonee nguo. Hakurudi. Vita vikaisha, cherehani haikurudi, mtu hakurudi. Salome akafunga nyumba akaja Nakuru kukaa karibu nami.

Sasa ni mgonjwa. Mwaka huu aliniita akaniambia, "Ndugu yangu, nataka kumlaza mwanangu kabla sijalala mimi."

Kwetu mtu ambaye mwili wake haukupatikana anazikwa. Tunakata mgomba, tunaufunga kwa shuka, tunauita kwa jina lake, tunauzika. Lakini mgomba hauzikwi kwa kudhania. Mjomba wa marehemu lazima asikie kwa mdomo wa mtu aliyeona ni wapi alilala, kisha uchukuliwe udongo wa mahali pale uwekwe kaburini pamoja na mgomba. Bila huo udongo umezika ndizi tu. Na mjomba ni mimi.

Mama mmoja wa kanisa ndiye aliyetuambia kwamba mtu aliyekuwa na Bonifasi siku ya mwisho yuko hai. Anaitwa Patrisi, alikuwa wa msituni, na sasa ananoa mikasi huko Karagita, Naivasha.

Nakuru hadi Longonot, bila kutaka

Mchungaji wetu alikuwa na pikapu inayopeleka viti vya harusi. Dereva akasema, "Panda nyuma mzee, tunapitia Naivasha." Nikapanda, nikakaa juu ya kiti kimoja cha plastiki katikati ya vingine mia, kama bwana harusi aliyekataliwa. Gilgil gurudumu likatoboka. Tulikaa pale mpaka jua likawa utosini. Mama mmoja muuza viazi karai akanionea huruma akanipa na chumvi zaidi. Akaniuliza naenda harusi ya nani. Nikamwambia naenda kutafuta kaburi. Akaacha kucheka, akaniongezea kiazi kimoja, akageukia wateja wengine. Sijui kwa nini nilimwambia. Mtu ukizeeka maneno yanatoka bila kubisha hodi.

Nililala juu ya viti. Kuamka, naona mlima mbele yangu, ule uliokatwa kichwa. Longonot! Dereva alikuwa ameanza na harusi, mimi nitashushwa wakati wa kurudi. "Sikutaka kukuamsha, mzee, ulikuwa unalala kama mtoto."

Nikashuka ninyooshe miguu. Vijana wanaopeleka watalii mlimani wakanizunguka.

"Niaje buda! Unapanda leo?"

"Kupanda nini?"

"Mlima. Tukutafutie fimbo? Tutaenda polepole, hatuna haraka na wazee."

"Huko juu kuna nini?"

Wakaangaliana. Mmoja akasema, "Hakuna kitu, mzee. Unafika, unaangalia chini, unarudi."

Nikawaambia kwetu kuna mlima pia, na vijana wa rika lao walipanda na hawakuangalia chini wakarudi. Mmoja, mwenye kofia nyekundu, akasema, "Ile vita? Si serikali ilishinda?" Mwenzake akamkata, "Wewe, shamba nani analima sasa? Wale wale. Hiyo ni kushinda?" Wakaanza kubishana wao kwa wao kwa Sheng ya kasi, wakanisahau na fimbo yao. Nilishangaa. Walikuwa kwenye mgongo wa mama zao wakati wa vita vile, na tayari wana upande.

Nilitafuta mahali pa maharagwe ya mama. Sikupaona.

Karagita

Kuna vumbi Karagita linaloingia mpaka kwenye chai. Vyumba ni kimoja kimoja, vimepangana kama meno ya kitana, na saa za kutoka kazini njia inajaa wasichana na akina mama kutoka mashamba ya maua, mikono imekwaruzwa na miiba, wanatembea haraka kuwahi foleni ya maji mferejini. Nilishushwa na boda boda kwenye mti mmoja wenye foleni. Chini yake mtu mrefu, mweusi vidole kwa vumbi la jiwe, alikuwa anakanyaga pedali ya baiskeli isiyo na gurudumu, jiwe linazunguka, cheche zinaruka. Akina mama wameshika mikasi yao ya kukatia maua.

"Fundi, leo umeshinda vita tena?" mmoja alimtania.

"Tulishinda zamani. Leo nanoa tu."

"Huyu hushinda kila Jumamosi," mwingine akaniambia mimi, kama tunajuana. "Jumapili anaenda kanisani, anashindwa na usingizi."

Wakacheka. Yeye hakuinua macho. Nikangoja mpaka mkasi wa mwisho ukaisha, nikasema, "Mimi ni mjomba wa Bonifasi, fundi cherehani."

Pedali ikasimama. Akainua macho, akauliza, "Mama yake yuko?"

"Yuko. Mgonjwa."

Akanichukua chumbani kwake. Kitanda, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili, kalenda ya zamani. Akapika ugali na samaki wadogo wa ziwani, akanikaribisha, tukala. Tulipomaliza nikamweleza habari ya mgomba na udongo. Anazijua hizo mila. Mama yake alitoka upande wetu, ng'ambo ya mto.

"Nilimlaza mwenyewe," akasema. "Kwa mikono hii. Hakuna mtu mwingine anajua pale mahali. Wengine waliokuwepo wamekwisha."

"Basi niambie, mwanangu."

"Nitakuambia. Lakini nina neno moja, mzee. Usinione mbaya."

Akaniambia neno lenyewe. Tangu vita viishe yeye anaitwa mtu aliyeshindwa. Redio ilisema wameshindwa. Chifu alisema. Mke wake alipoondoka alisema hawezi kuzeeka na mtu aliyepigwa. Binti yake, anayefanya kazi nchi za nje, alimwambia kwa simu, "Baba, mlipoteza kila kitu na mkapoteza bure." Sasa yeye hataki pesa wala shamba. Anataka mwanajeshi mmoja, mmoja tu aliyekuwepo kwenye kilima cha mianzi, amwambie uso kwa uso kwamba siku ile walikimbia. Bonifasi alikufa siku hiyo hiyo, kilima hicho hicho.

"Nikisema amelala wapi na siku yenyewe inaitwa ushindi wa wale," akasema, "ni kama nimemuua mara ya pili. Alikufa siku tuliyoshinda. Wacha azikwe hivyo."

Mimi ni mtu wa chini, siasa siijui. Moyoni niliona, huyu amening'inia kwenye kamba ya uzi. Lakini Mungu ana mambo yake: mwanajeshi wa hivyo namjua. Alfayo, koplo mstaafu, amemuoa binti wa jirani yetu wa landhi, analima viazi juu ya Sachangwan. Alishawahi kuniambia katika matanga kwamba alikuwa mlima ule, halafu akaomba chai.

"Ukimsikia yeye mwenyewe, utasema?"

"Nitasema papo hapo. Na nitakupeleka, tuchukue udongo pamoja."

Tukashikana mikono. Vidole vyake ni vigumu kama pembe.

Karagita hadi Nakuru, watu wawili

Tuliondoka asubuhi. Alifunga jiwe lake kwa gunia akaliacha kwa jirani. Alibeba mfuko mmoja na waridi fupi fupi, zile zinazokataliwa na mashamba ya maua, vikonyo vimepinda. Nikamuuliza ni za nani. "Za mama yake Bonifasi. Siwezi kuingia mikono mitupu."

Njiani, tukingojea gari pale barabarani kwa muda wa karibu saa mbili, alianza kunieleza bila kuulizwa. Kwamba Bonifasi siku ya kwanza alilia, siku ya pili akalalamika kwamba uzi ni mbaya. Kwamba alishona sare ishirini kwa mapazia ya shule. Kwamba wanajeshi walipoanza kurusha mabomu, Bonifasi alikuwa anafunika cherehani kwa mwili wake, wenzake wanamtukana, "Jifunike kichwa, mjinga!" naye anajibu, "Kichwa hakina sindano." Patrisi alicheka akisema hivyo, halafu akageuza uso kuangalia malori. Tulikula mayai ya kuchemsha na kachumbari kwa kijana wa kibanda, mimi nikamwagikiwa pilipili kwenye koti. Siku hiyo nilimpenda yule mtu. Sitaki kuwaficha.

Salome alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, kajifunga blanketi. Nilikuwa nimempigia simu kwamba naja na mgeni aliyemjua Bonifasi. Nilifikiri atampigia makelele. Huyu ni mmoja wa waliomchukua mwanawe, mnaelewa. Aliangalia yale maua, hakujua ayaweke wapi, akatuingiza ndani akayatia kwenye jagi la maziwa. Akachemsha chai mwenyewe, akakataa nisaidie. Patrisi alikaa kwenye ukingo wa kiti, kama anayengoja kuitwa hospitalini.

Dada yangu hakuuliza nani alimpiga risasi. Hakuuliza kwa nini walimchukua. Aliweka kikombe chini akauliza, "Alikuwa amevaa sweta?"

Patrisi akamgeukia.

"Ndiyo, mama. Ya kijani. Kiwiko kimoja kimetiwa kiraka."

"Cha kushoto."

"Cha kushoto, mama."

Salome akatingisha kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima. "Kule kuna baridi," akasema. "Nilimwambia asiivue."

Patrisi akainuka akatoka nje kunawa uso. Akamwambia Salome wakati wa kuaga, "Mama, kesho tukitoka kwa Alfayo, mzee atakuwa na neno lako." Dada akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Mimi nikajifanya natafuta kofia.

Kupanda Sachangwan

Tulipata lori la mbolea linaloenda Molo. Dereva, mtu wa maneno, alituweka mbele naye. Kutoka Nakuru mpaka Salgaa aliongea juu ya siasa, ng'ombe wa mkwewe, na breki. Baridi ilipoanza kuingia miguuni tukawa tumefika Sachangwan. Hapo ndipo mahali lori la mafuta lilianguka miaka ile, watu wakaenda kuchota, moto ukawachukua. Wengi wamezikwa pamoja kando ya barabara. Dereva akapunguza mwendo. Patrisi akavua kofia.

"Hawa waliungua mpaka hawakujulikana nani ni nani," dereva akasema.

"Lakini wako pale," Patrisi akajibu. "Ukitaka kulia, unajua ulie ukiangalia wapi."

Nilimwangalia. Nikajua anajua anachokishikilia. Hakuna mtu aliyehitaji kumfundisha.

Gari likachemka kwenye mlima, tukangoja lipoe karibu saa nzima, ukungu ukapanda kutoka bondeni. Mimi nikaanza kuomba kimoyomoyo: Mungu, mpe Alfayo maneno. Sikuomba unipe mimi akili. Hilo ndilo kosa la maombi yangu.

Kwa Alfayo

Nyumba ya Alfayo ni ya mbao, juu kidogo ya barabara, viazi mbele, kondoo nyuma. Alitupokea langoni, mnene sasa, amevaa gambuti na koti la zamani la kijani. Nilikuwa nimemweleza kwenye simu sababu ya safari, naye alisema, "Mlete, baba." Lakini walipoonana walisimama kama majogoo. Mke wake, Tabitha, binti yetu wa landhi, ndiye aliyewaamua: "Mtasimama kwa ukungu mpaka lini? Vita iko ndani, kuna moto."

Tukakaa. Chai ikaja. Na mabishano yakaanza, tena ya adabu sana mwanzoni, kila mmoja anamwita mwenzake bwana.

"Bwana Patrisi, mimi sitaki kukukosea kwangu. Lakini tusidanganyane. Nani alitoka msituni mikono juu? Si mimi."

"Bwana Alfayo, aliyetoka mikono juu alikuwa na njaa. Njaa si nyinyi. Mtu akishindwa, mshindi anamfuata mpaka ndani. Ni nani alitufuata ndani ya mianzi?"

"Kamanda wenu mwenyewe alikufa."

"Na wenu walibadilishwa mara tatu. Kwa nini, kama mnashinda?"

"Serikali bado iko. Nyinyi mko wapi?"

"Mashamba tuliyopigania, nani anayalima leo? Nenda uangalie."

"Nusu! Nusu mnalima, nusu imejaa wajane!" Alfayo akajipiga gotini kwa kiganja. "Huo ni ushindi? Sisi tulipewa medali. Unajua yangu iko wapi? Mtoto alichezea ikaanguka chooni, sikuitoa. Mwanangu mkubwa alisoma habari zetu mahali, tangu hapo ananisalimia kama anavyomsalimia karani. Lakini tulishinda. Lazima tuwe tulishinda, bwana, la sivyo nilifanya yale kwa nini?"

Tabitha alikuwa anapita na kuni. "Aliyeshinda ni yule wa kuuza mabati," akasema. "Kila nyumba mliyochoma, nyinyi na nyinyi, ilijengwa tena kwa mabati yake. Ana ghorofa sasa. Nyinyi mna viazi na mikasi."

Hata Patrisi alicheka kidogo. Mimi nikaona mlango umefunguka, nikaingia. Nikamwambia Alfayo, mwanangu, acha vita vyote. Niambie siku moja tu. Siku ya kilima cha mianzi.

Alfayo alishika kikombe kitupu, akakizungusha. Moto ukalia. Kondoo wakalia nje.

"Tulikimbia," akasema. "Ripoti iliandikwa kwamba tulirudi nyuma kujipanga. Hakuna kujipanga. Tulikimbia mpaka mtoni. Mimi nilikimbia na kiatu kimoja, kingine kilibaki kwa matope. Siku ile mlitupiga. Nakuambia mbele ya mzee huyu na mke wangu. Mlitupiga vibaya."

Patrisi alifunika uso kwa mikono yake miwili myeusi. Alipoondoa mikono alikuwa kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi. Akasema, "Kiatu chako nilikiona. Kamba nyekundu."

"Nyekundu," Alfayo akasema. "Mlikifanyia nini?"

"Kilikuwa cha kulia. Kilitubana wote."

Tukacheka sote wanne, kicheko kile kinachotoka na machozi. Patrisi akanigeukia. "Mzee, neno lako liko tayari. Nitasema, na kesho kutwa tutakwenda kuchukua udongo. Lakini habari ya aliyelala haisemwi kwa tumbo tupu. Wacha tule alichopika mama."

Ni kweli. Kwetu ndivyo ilivyo, hata msiba wa mtoto wako utalishwa kwanza ndipo uambiwe. Nikasema, sawa. Nikaona moyoni Salome akiufunga mgomba shuka.

Tabitha alikuwa amechinja kuku. Msichana wetu huyo, hakusahau alikotoka. Aliweka ugali katikati, mboga, na kuku kwenye bakuli kubwa, tukanawa mikono, Alfayo akaomba. Kisha Tabitha, kwa heshima zote, akapiga goti kidogo akaweka firigisi kwenye sahani yangu.

Nyinyi mnaosoma mnajua firigisi. Mnajua haiwekwi hovyo. Mbele ya wanaume, firigisi ni ya mkubwa. Inasema bila mdomo nani ni nani. Haikatwi vipande. Anayeipokea akimpa mwingine, amemvika kofia ya ukubwa mbele ya watu.

Yote hayo nilikuwa nayajua tangu nikiwa mtoto. Lakini mimi sina meno ya nyuma, hata moja, na firigisi ya kuku wa kienyeji ni kama kutafuna mpira wa baiskeli. Miaka sasa nikipewa firigisi nampitishia mtu wa karibu na mambo yanaendelea, nyumbani kwangu nampa mwenye nyumba anayenipangisha na hakuna anayelia. Siku ile nilifikiri kwa ufizi. Mkono wangu wa kulia alikaa Alfayo. Wa kushoto alikaa Patrisi. Nikaichukua firigisi kwa vidole, huku nacheka bado habari ya kiatu, nikaiweka kwenye sahani ya Alfayo. Nikasema, tena kwa sauti, "Kula, mwanangu, umenipa furaha leo."

Na Alfayo, maskini, mtu mwenye njaa na moyo mwepesi, akaitia mdomoni.

Mlio wa kutafuna ndio nilioanza kuusikia. Halafu nikaona Tabitha ameshika mwiko hewani. Halafu nikageuka kushoto.

Patrisi alikuwa ameukata ugali wake tonge moja, ameushika, hajautia mchuzi. Aliangalia mdomo wa Alfayo. Uso wake haukukasirika. Ningependa ungekasirika. Uliangalia tu, kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha na kulikuta pale pale chini linapokaa siku zote. Akarudisha tonge kwenye sahani, akalilaza vizuri. Akavuta bakuli la maji, akanawa kidole kimoja kimoja.

"Asante mama," akamwambia Tabitha. "Nimeshiba."

"Hujaonja kitu, baba!"

"Nimeshiba."

Nikaanza kusema. Nikasema ni meno, mwanangu, tazama, sina meno, nikafungua mdomo wangu nikamwonyesha kama mbuzi sokoni. Aliinama akanishika bega, polepole, bila chuki, kama unavyomshika mtu wa matanga. Akachukua kofia yake. Akatoka.

Tulifikiri anaenda msalani. Tukakaa. Alfayo akatema kile kilichobaki kwenye kiganja, akakiangalia, uso ukambadilika rangi, ndipo akainuka mbio akapindua kiti. Mimi nikamfuata kwa miguu yangu hii. Patrisi alikuwa ameshapita langoni, anashuka katikati ya mistari ya viazi kuelekea lami, mikono mifukoni.

"Patrisi!" Alfayo aliita kutoka langoni, mkono mmoja una mchuzi mpaka kiwiko. "Patrisi, rudi ndugu yangu! Mlishinda nyinyi! Mlishinda, nimesema! Rudi!"

Aliita kama mtu aliyepoteza ng'ombe kwenye ukungu. Majirani wakatoka kwenye milango yao kuangalia. Yule hakukimbia. Hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Alifika kwenye barabara, akangoja lori moja la kabichi lipite, akavuka, akashika upande wa kushuka. Nimemtafuta Karagita: jiwe lake bado liko kwa jirani kwenye gunia, na chumba kina mtu mwingine. Alitembea tu, mgongo wake mrefu ukaingia kwenye ukungu, na hajarudi.